Kompyuta ya Mac na Mfumo wa Linux: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kuhama

Katika nyumba nyingi siku hizi kompyuta mpakato imekwisha kuwa chombo cha jamaa nzima. Baba huandikia barua za kazi, mama huwekea hesabu za duka au za kikundi, na watoto husomea na kufanyia mazoezi ya shule. Chombo cha namna hii kikiharibika, hasara haimpati mtu mmoja bali nyumba yote. Kwa hiyo uamuzi wa kukibadilishia mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoziongoza programu nyingine zote, haufai kufanywa kama mchezo wa jioni moja.

Wako wenye kompyuta waliosikia habari za Linux, mfumo wa programu huria ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, nao wanatamani kuhamia huko. Sababu zao ni njema. Mfumo huo hauna ada. Maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mwenye ujuzi anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Hali kadhalika, hakuna kiwanda kimoja kinachoweza kutangaza kwamba kompyuta ya fulani imezeeka na haitahudumiwa tena. Uwazi huo umewahi kuwafaa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu hakuna aliyehitaji kuombwa ruhusa.

Kwa kompyuta za kawaida, zenye prosesa za namna ya Intel, safari ya kuhamia Linux imezoeleka. Mtu huuweka mfumo katika flashi, huiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, hujaribu, na akiridhika huuhamishia katika diski. Lakini kompyuta zenye prosesa za namna ya simu zina sheria nyingine, na asiyezijua anaweza kujikuta ana chombo kisichowaka. Makala haya yanaeleza sheria hizo kwa mfano wa kompyuta za Mac zenye prosesa za M1 na M2, kwa kuwa habari zake zinajulikana vyema kuliko za nyingi nyingine.

PROSESA YA NAMNA YA SIMU

Asili ya prosesa hizi ni kampuni ya Acorn iliyokuwa mjini Cambridge, Uingereza. Wahandisi wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, walitaka prosesa iliyo nyepesi na rahisi. Ile ya kwanza, iliyopewa jina la ARM, ilifanya kazi tarehe 26 Aprili 1985. Furber amesimulia kwamba siku hiyo kipimo cha umeme kilionyesha sifuri ingawa prosesa ilikuwa ikifanya kazi. Walipochunguza wakagundua kwamba waya wa umeme haukuwa umeunganishwa ipasavyo, na prosesa ilikuwa ikijiendesha kwa umeme mdogo uliovuja kutoka katika sehemu jirani.

Tabia hiyo ya kula umeme kidogo ndiyo iliyozifanya prosesa hizi zifae kwa simu. Mwaka 1990 iliundwa kampuni ya pekee ya ARM, na Apple alikuwa mmoja wa wabia wake wa mwanzo pamoja na Acorn na VLSI. Miaka 30 baadaye, tarehe 10 Novemba 2020, Apple alitangaza kompyuta zake za kwanza zenye prosesa ya M1, iliyotokana na ukoo huo huo. MacBook Air ya wakati huo iliuzwa Marekani kwa dola 999. Haina feni ndani yake, haipigi kelele, na betri yake hudumu kwa muda wa kutosha kumpitisha mwanafunzi katika jioni isiyo na umeme. Ni rahisi kuona kwa nini chombo hiki kilipendwa, na kwa nini mwenye nacho hatapenda kukitupa siku Apple atakapoacha kukihudumia.

KWA NINI FLASHI PEKE YAKE HAITOSHI

Katika kompyuta ya kawaida, mfumo endeshi unapoamka hupewa orodha ya vitu vilivyomo: kibodi iko hapa, diski iko pale, kiwambo ni cha namna hii. Ni kama mgeni anayepokelewa na mwenyeji na kutembezwa chumba kwa chumba. Kwa sababu hiyo Linux moja huweza kuwaka katika kompyuta za viwanda mbalimbali.

Katika vyombo vyenye prosesa za namna ya simu, mara nyingi hakuna mwenyeji wa namna hiyo. Kila kiwanda kimepanga vitu kwa jinsi kilivyopenda, na mgeni huingia gizani. Hana budi kuja na ramani yake mwenyewe, iliyochorwa kwa ajili ya aina ile ile ya kompyuta. Ramani ya aina nyingine haimsaidii. Mwaka 2011 Torvalds mwenyewe alilalamika kwa maneno makali juu ya vurugu hiyo ya vifaa vya ARM, na baadaye watengenezaji wa Linux wakakubaliana juu ya namna moja ya kuandika ramani hizo. Mpango ukawa bora, lakini kazi ya kuchora ramani ya kila aina ya kompyuta ilibaki pale pale. Swali la kwanza kwa anayetaka kuhama si "Je, Linux ni nzuri?" bali ni "Je, yuko mtu aliyekwisha kuichorea ramani kompyuta ya aina hii hasa?"

MLANGO ULIOFUNGWA NA MLANGO ULIOACHWA WAZI

Swali la pili ni la ufunguo. Mwezi Oktoba 2012 Microsoft alianza kuuza chombo kilichoitwa Surface RT, chenye prosesa ya ukoo wa ARM. Kilikuwa na kufuli ya ndani iliyokataa mfumo wowote usio na muhuri wa Microsoft, na mwenye chombo hakupewa njia ya kuifungua. Tarehe 10 Januari 2023 Microsoft alikomesha huduma za mfumo uliokuwamo. Chombo kilichokuwa bado kizima, kiwambo kikiwaka na kibodi ikiandika, kikabaki bila marekebisho ya usalama, na mnunuzi hakuwa na njia halali ya kukihamishia kwingine. Wachache wenye ujuzi walipata nyufa za kupenyea, lakini kupenya ufa si kazi ambayo jamaa ya kawaida inaweza kuitegemea.

Kompyuta za Mac zenye M1 zilikuja na utaratibu tofauti. Apple hakutoa maelezo ya namna ya kuiendesha Linux, wala hakuchora ramani kwa ajili ya wengine. Hata hivyo aliacha mlango. Mwenye kompyuta, akiwa yeye mwenyewe mbele ya chombo chake na akitoa neno lake la siri, anaweza kuruhusu mfumo mwingine uwake, na ulinzi wa macOS iliyo kando yake usipungue. Anayeketi mbali hawezi kufanya hivyo kwa kupitia intaneti. Huo ni mpango wa busara: mlango hufunguliwa na mwenye nyumba tu, tena kwa mkono wake.

Vyombo hivi viwili vina prosesa za ukoo mmoja. Tofauti yao iko katika ufunguo, kwamba mmoja ulibaki kiwandani na wa pili alipewa mnunuzi. Anayenunua kompyuta ya namna hii, mpya au iliyotumika, anapaswa kuuliza habari za ufunguo kama anavyouliza bei.

KAZI YA KIKUNDI CHA ASAHI

Mlango kuwa wazi hakukutosha, maana ndani mlikuwa giza. Mwishoni mwa mwaka 2020 mhandisi Hector Martin aliomba michango ya watu ili aifanye kazi ya kuileta Linux katika kompyuta hizo. Mradi wake uliitwa Asahi. Neno hilo la Kijapani lina maana ya jua linalochomoza, na pia ni jina la Kijapani la lile tunda ambalo kwa Kiingereza huitwa McIntosh, aina ya tofaa iliyoipa Mac jina lake.

Walifanyaje kazi bila maelezo ya kiwanda? Waliandika programu ndogo inayokaa chini ya macOS na kuiacha macOS iendelee na shughuli zake, huku programu hiyo ikiandika kila neno ambalo macOS ililiambia kila kifaa. Kwa kusikiliza hivyo siku baada ya siku, walijifunza lugha ya vifaa, kisha wakaandika programu zao wenyewe za kuviongoza. Alyssa Rosenzweig, aliyekuwa bado mwanafunzi, alishika kazi ngumu ya sehemu inayochora picha katika kiwambo.

Matunda yalionekana hatua kwa hatua. Mwezi Machi 2022 kikundi kilitoa toleo la kwanza la majaribio. Tarehe 31 Julai mwaka huo huo Torvalds alitoa toleo la Linux namba 5.19 akitumia kompyuta mpakato ya Apple yenye prosesa ya namna hii, na akakishukuru kikundi cha Asahi. Mwezi Desemba 2023 ikatoka Fedora Asahi Remix, mfumo kamili uliotengenezwa kwa kushirikiana na watu wa mradi wa Fedora. Huo ndio ambao mtu wa kawaida anaweza kuuweka.

Spika zinaonyesha uangalifu wao. Spika za kompyuta hizi ni ndogo sana, na hutoa sauti kubwa kwa kusukumwa karibu na mwisho wa uwezo wake. Katika macOS iko programu inayokadiria joto la spika na kupunguza sauti kabla hazijaungua. Kwa muda mrefu kikundi cha Asahi kiliziacha spika zikiwa kimya kwa makusudi, watu wakinung'unika, mpaka mlinzi wa namna hiyo alipoandikwa kwa Linux pia. Anayeona maelekezo ya kuziondolea spika ulinzi huo ili sauti iongezeke asiyafuate.

Kazi hii ina uzito wake kwa wanaoifanya. Mwezi Februari 2025 Hector Martin alijiuzulu uongozi, akieleza kwamba amechoka na kwamba madai ya watumiaji hayakuwa na mwisho. Wenzake wakaushika mradi kwa uongozi wa pamoja. Anayetumia kazi ya namna hii akumbuke kwamba nyuma yake hakuna duka la kulalamikia, bali kuna watu wanaojitolea na kuishi kwa michango.

FAIDA NA UPUNGUFU

Anayehamia huko atapata mfumo wa kasi, wenye kivinjari cha Firefox kwa ajili ya intaneti, LibreOffice kwa barua na hesabu, na programu nyingi za kujifunzia ambazo hazilipiwi. Kijana anayetaka kujifunza kuandika programu hupata karakana nzima mezani pake.

Upungufu nao usifichwe. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kitambua alama ya kidole kilikuwa hakifanyi kazi katika Linux, na kiwambo cha nje kilichounganishwa kwa tundu la USB-C kilikuwa bado. Kompyuta iliyofunikwa bila kuzimwa ilikula betri zaidi kuliko ilipokuwa na macOS. Kazi iliyokamilika ilikuwa ya M1 na M2. M3 na M4 zilikuwa hazijafikiwa na programu ya kuwekea mfumo. Isitoshe, programu zilizotengenezwa kwa ajili ya prosesa za Intel peke yake haziwaki zenyewe katika prosesa hizi, na Microsoft Office haina toleo la Linux. Ofisi inayodai faili zake zifunguliwe kwa programu hiyo hasa haitaridhishwa na maelezo ya uhuru.

MAANDALIZI

Kwanza, kompyuta ichunguzwe. Hili ni la lazima hasa kwa zile zilizotumika, ambazo huletwa na ndugu au wafanya biashara kutoka Ulaya na Ghuba. Kompyuta inaweza kuwa imefungwa kwa akaunti ya mtu wa kwanza, au ikawa bado imo katika daftari la kampuni au shule iliyokuwa nayo. Kufuli ya namna hiyo haiondolewi na Linux. Mnunuzi aiwashe kompyuta kabla ya kulipa, na ahakikishe kwamba muuzaji ameiondoa akaunti yake na kwamba chombo kinakubali kuanzishwa upya kwa jina jipya.

Pili, faili zote za jamaa zinakiliwe katika diski ya nje, na diski hiyo ijaribiwe katika kompyuta nyingine kama inafunguka. Nakala isiyojaribiwa isihesabiwe kuwa nakala. Vyeti vilivyopigwa picha, hesabu za kikundi na kazi za shule haviwezi kununuliwa tena.

Tatu, nafasi ipimwe. MacBook Air ya M1 ya bei ya chini ina diski ya gigabaiti 256 na kumbukumbu ya gigabaiti 8, na vyote viwili haviongezeki baadaye. Mifumo miwili itagawana diski hiyo, basi visivyohitajika vifutwe mapema. Aidha, mfumo wenyewe hupakuliwa kutoka katika intaneti na uzito wake ni gigabaiti kadhaa. Ni vema kazi ifanywe mahali penye mtandao wa uhakika na wakati ambapo betri imejaa.

SIKU YA KUHAMA

Kazi huanzia ndani ya macOS yenyewe, katika programu iitwayo Terminal. Huko huandikwa amri ya mstari mmoja iliyomo katika maelezo ya mradi wa Asahi. Amri hiyo ichukuliwe kwa wenyewe, si kwa mtu wa pembeni, maana amri ya Terminal ina nguvu ya kuharibu kama ilivyo na nguvu ya kujenga. Programu itauliza sehemu ya macOS ipunguzwe kiasi gani. Kila swali lisomwe mpaka mwisho kabla ya kujibiwa.

Baada ya hapo kompyuta huzimwa kabisa. Kisha kitufe cha kuwashia hubonyezwa na kushikiliwa bila kuachiwa, mpaka kiwambo kionyeshe orodha ya mifumo. Hapa wengi hukosea kwa kuachia mapema. Mwenye kompyuta huuchagua mfumo mpya, huandika neno lake la siri, na hukubali masharti anayoulizwa. Huu ndio ule mlango uliotajwa, na huu ndio wakati wa kuufungua kwa mkono.

Liko jambo moja la kuepukwa kuliko yote: macOS isifutwe. Iachiwe sehemu yake hata kama haitatumika kila siku, kwa sababu marekebisho ya programu za ndani ya vifaa huja kwa njia yake, na ni kimbilio mambo yakiharibika. Siku ya kuiondoa Linux pia kuna hatari. Katika diski mna sehemu za mwanzo na za mwisho ambazo jina lake halimwambii kitu mtu wa kawaida, na zenyewe ndizo zinazoiwasha na kuiokoa kompyuta. Aliyezifuta kwa kudhani ni takataka atahitaji kompyuta nyingine na waya ili kukifufua chombo chake, na vyote vilivyokuwamo vinaweza kupotea.

ASIYE NA MAC

Mwenye kompyuta ya ARM ya kiwanda kingine aulize maswali yale yale mawili, la ramani na la ufunguo, kwa jina kamili la aina yake. Vipo vyombo ambavyo wengine wamekwisha kuvifanyia kazi, kama ThinkPad X13s ya Lenovo ya mwaka 2022. Vipo pia vilivyozaliwa na Linux, kama Pinebook Pro iliyotolewa na PINE64 mwaka 2019 kwa bei ya dola 199. Ni kompyuta ya kiasi, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, lakini mnunuzi wake hakuwa na mlango wa kubisha. Majibu yasipopatikana, ni heri kompyuta ibaki na mfumo wake kuliko kuitumia kwa kubahatisha.

Mwisho, shauri hili lizungumzwe na wote wanaokitumia chombo. Kijana mwenye hamu ya kujifunza anastahili kusikilizwa, na mzazi mwenye hesabu zake humo anastahili kuulizwa. Kama kompyuta nyumbani ni moja tu na mitihani imekaribia, kazi hii ingoje likizo. Mlango ambao Apple aliuacha hautafungika katika majuma hayo machache, na muda huo unatosha kunakili faili na kuijaribu nakala.